Kamba vunjajungu katika mji wa shaba: mwongozo kamili wa kumfuga nyumbani Lubumbashi

"Papa, kuko mutu ku mulango."

Ilikuwa saa nane usiku, mke wangu ananitikisa bega. Nikasikiliza. Ko. Kimya. Ko, ko. Mlangoni hapakuwa na mtu. Aliyekuwa anagonga yuko sebuleni, ndani ya tangi la kioo la lita 60: mnyama wa sentimita saba anavunja chaza niliyempa jioni.

Namwita kamba vunjajungu kwa sababu anakunja mikono ya mbele kifuani kama vunjajungu wa shambani. Watu wa pwani huwaonya watoto kwamba atakayemgusa vunjajungu atavunja chombo cha kwanza atakachoshika. Huyu wa baharini hakusubirishi, anavunja mwenyewe. Si kosakosa, yaani kamba wa kawaida wa sokoni, hata kidogo. Wataalamu wamemweka katika oda yake, Stomatopoda, yenye spishi zaidi ya 450, na ukoo wake uliachana na kamba wa kawaida zamani mno.

Mimi ni fundi friji, si mtaalamu wa bahari. Ninayoandika nimeyajifunza kwa kufuga, na mengine kwa kuua. Kwa sisi wa Lubumbashi kuna vitu viwili vinavyommaliza: shaba, na umeme unaokatika. Makosa mengine mnyama huyu husamehe.

Nyundo au mkuki

Wamegawanyika makundi mawili. Wenye mikuki hujificha mchangani na kuchoma samaki wanaopita. Hao ni wakubwa, wanahitaji mchanga wa kina kirefu, na mchana utakaa mbele ya tangi ukitazama mchanga mtupu. Wenye nyundo huvunja magamba, hutokeza kichwa mlangoni kwao, na hukutazama usoni. Chukua mwenye nyundo.

Anayetafutwa na kila mtu ni kamba tausi, Odontodactylus scyllarus, wa kijani, chungwa na buluu, anayeweza kufika sentimita 18. Anapatikana Bahari ya Hindi hadi pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 2004 Sheila Patek, Roy Caldwell na mwenzao wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walimpiga picha kwa kamera ya kasi kubwa, wakaona nyundo yake inafika mita 23 kwa sekunde majini. Pigo hilo ni la haraka kiasi kwamba maji yenyewe yanapasuka na kufanya povu, na povu hilo linapojifunga linampiga windo mara ya pili. Mwaka 1998, Great Yarmouth, Uingereza, mmoja wao aliyepewa jina la Tyson alipasua kioo cha tangi lake.

Usianze na tausi. Anataka tangi la lita 120 au zaidi, na ugonjwa wa gamba humpata upesi. Anza na wadogo wa jamii ya Gonodactylus, kama G. smithii au G. chiragra, wanaoishi kwenye miamba ya kina kifupi pwani ya Afrika Mashariki. Wana sentimita saba hadi kumi, wamezoea bahari inayopwa na kujaa juu yao, kwa hiyo ni wagumu. Lita 60 zinawatosha, na kioo cha kawaida hawakiwezi.

Shaba, shaba, shaba

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu miongozo niliyosoma mimi imeandikwa na watu ambao mji wao haukujengwa juu ya shaba.

Damu ya kamba hubeba hewa kwa shaba, kama yetu inavyobeba kwa chuma. Ungedhani basi anaipenda. Lakini shaba iliyoyeyuka majini humuua kwa kipimo ambacho samaki angekivumilia kabisa. Na sisi shaba iko wapi? Iko kwenye vumbi la barabara, kwenye mawe ya uani, kwenye mito inayopita kando ya viwanda, kwenye valvu za maji, na kwenye vidole vya kila fundi.

Kamba wangu wa kwanza nilimuua mimi. Ilikuwa Oktoba, joto limebana, maji ya tangi yamefika nyuzi 31. Nilikuwa na mita nne za bomba la robo inchi lililobaki kwenye kazi ya friji. Nikalikunja duara kama springi, nikalizamisha tangini, nikapitisha ndani yake maji ya barafu kutoka kwenye ndoo. Baada ya saa moja maji yalikuwa nyuzi 26. Nilijisifu mbele ya shemeji. Hakuna kinachopitisha baridi kama bomba la shaba, kila fundi anajua.

Siku ya pili kamba alitoka shimoni mchana, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo. Alilala ubavu, vimiguu vya chini ya tumbo vinapepea bila mpangilio. Nilipomsogezea kijiti aliinua nyundo, akaiacha hewani, hakupiga. Asubuhi ya tatu alikuwa amekufa. Nilipolitoa lile bomba lilikuwa na utando wa kijani-buluu, rangi ileile ya malakiti. Nikatupa mchanga wote na mawe yote, kwa maana mawe ya chokaa hunyonya shaba na kuirudisha majini polepole, na huwezi kuyaosha yakatakata.

Kwa hiyo: usinunue tangi kuukuu ambalo hujui historia yake, kwani dawa nyingi za magonjwa ya samaki zina salfati ya shaba, na silikoni na mawe ya tangi hilo yanaweza kuwa yameshaishika. Usitie jiwe lolote lililookotwa Katanga. Malakiti hasa, hata kama lile la wachongaji limeng'aa na rangi inapendeza: malakiti ni kaboneti ya shaba. Usitumie valvu wala viungio vya shaba ya njano popote maji ya tangi yanapopita; mafundi bomba wanauza vya plastiki. Funika tangi, vumbi lisiingie. Mapipa ya buluu ya plastiki yanayouzwa sokoni yakiwa yametumika yaache, huwezi kujua yalibeba tindikali gani; nunua madumu mapya ya chakula. Na kabla ya kuzamisha mkono, osha hadi kwenye kiwiko, kisha suuza sabuni yote iishe. Mimi nikitoka kuchomelea mabomba sigusi tangi hadi nioge.

Kuna vipimo vidogo vya matone vinavyoonyesha shaba majini. Ukipata kimoja, jibu unalotaka ni sifuri.

Tangi na nyumba yake

Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 35 linafaa. Ukishaamua kufuga tausi, weka karatasi ya pleksi, ile plastiki ngumu kama kioo, chini, juu ya kioo cha sakafu, kabla ya mchanga, kwa sababu anachimba na akikuta kitu kigumu anakigonga. Kifuniko ni lazima. Anapanda mabomba na waya.

Tandika mchanga wa matumbawe, sentimita tano hadi nane, uliochanganyika na vipande vya kokoto la chokaa na magamba ya konokono. Usiuchekeche uwe laini wote. Kamba huyu ni mwashi: kila jioni huchagua kipande hiki na kile, akaziba mlango wake, asubuhi akaubomoa. Ukimnyima kokoto anahangaika.

Kisha shimo. Hili ndilo watu wanalipuuza. Anahitaji pango lenye giza ambalo anaweza kugeuka ndani yake, urefu wake mara mbili au tatu ya mwili wake, lenye kona ili mwanga usipenye. Bomba la PVC la mafundi linafaa kabisa. Kwa kamba wa sentimita saba mimi natumia la robo tatu inchi, vipande viwili vilivyounganishwa kwa kiwiko bila gundi, vimezikwa mchangani, midomo miwili wazi. Ukiusukuma mkono mmoja wa bomba hadi ugusane na kioo, baada ya wiki chache utaweza kumwona akiwa kitandani. Nje ya kioo hapo bandika karatasi nyeusi, uifunue unapotaka kumchungulia tu.

Mawe mengine ya juu yapange yakae sakafuni, juu ya kioo au pleksi. Usiyalaze juu ya mchanga tu, akichimba chini yake yatamwangukia. Nunua mawe makavu. Mawe hai ya matumbawe, yaani yenye viumbe ndani yake, yako katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na kuyavusha mpaka kunataka kibali. Kamba mwenyewe hayumo katika orodha hiyo, lakini mnyama hai yeyote anayevuka mpaka anahitaji karatasi zake. Ulizia kabla hujalipa, si baada ya sanduku kukwama uwanja wa ndege.

Taa iwe hafifu. Yeye hahitaji mwanga, ni wewe unayeuhitaji.

Bahari ndani ya dumu

Toka Lubumbashi hadi Dar es Salaam kwa barabara ni kama kilomita 2,000, kwa hiyo bahari tutaitengeneza. Unahitaji vitu vitatu: chujio la osmosi linalosukuma maji kupitia utando mwembamba, chumvi ya akwaria, na refraktometa, yaani kipima chumvi.

Chujio la osmosi silo anasa hapa kwetu. Maji ya bomba yana klorini, ya kisima ni magumu, angalia sufuria ya chai inavyoota magamba meupe, na yote yanaweza kuwa yamepita kwenye shaba. Chujio lenye kaboni, utando na resini ya mwisho linaondoa karibu vyote. Kipima TDS, kinachoonyesha madini yaliyoyeyuka majini, kisome sifuri, au pungufu ya tano. Ukiona kinapanda, badilisha resini.

Chumvi ya kupikia haifai hata siku moja. Chumvi ya akwaria ina kalsiamu, magnesi na madini mengine ambayo kamba anayatumia kujenga gamba. Hesabu ni gramu 35 hadi 36 kwa lita. Tangi la lita 60 litakula kilo mbili na kidogo mara ya kwanza, na kila ukibadilisha lita kumi ni gramu 360. Weka maji kwanza, kisha chumvi, usianze na chumvi. Koroga kwa pampu usiku mzima. Asubuhi pima kwa refraktometa: 1.024 hadi 1.026. Refraktometa yenyewe irekebishe kwa kimiminika chake cha sehemu 35 kwa elfu, maana ukiirekebisha kwa maji matupu inaweza kukudanganya.

Maji yakipungua kwa kukauka, ongeza maji matupu ya osmosi. Chumvi haikauki. Mtu akiongeza maji ya chumvi kila siku, mwisho wa mwezi kamba yuko kwenye achari.

Wiki sita

Sasa subiri. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati, hawazaliwi kwa siku moja. Tupa kipande cha kosakosa mbichi ndani ya tangi lenye chujio linalofanya kazi, kioze. Amonia itapanda, itashuka. Nitriti itapanda, itashuka. Ikifika siku ambayo zote mbili ni sifuri na nitrati imeonekana, badilisha robo ya maji, tangi liko tayari. Huchukua wiki nne hadi sita, na wakati wa baridi wa Juni na Julai, kama huna hita, zaidi.

Umeme, baridi, joto

Lubumbashi iko mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na maji yetu hubeba oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 13 kuliko ya Dar yenye joto lilelile. Umeme ukikatika, pampu ikisimama, tangi letu linaishiwa pumzi mapema. Kwa hiyo pampu ya hewa ya betri si ya akiba, ni ya lazima.

Hesabu ya kifundi: betri ya volti 12, ampea-saa 7, ina wati-saa 84. Tumia nusu ili isife mapema, 42. Pampu ndogo ya hewa ya wati 3 itaenda saa 14. Hita ya wati 100 kwenye betri hiyohiyo haifiki nusu saa. Basi usiku umeme ukikatika, betri ilishe pampu peke yake, na joto ulilinde kwa foamu: bao za sentimita tatu pande tatu za tangi na juu, upande wa nne blanketi. Maji ya lita 60 yaliyovikwa hivyo yanashuka polepole sana.

Lenga nyuzi 23 hadi 26. Akishuka hadi 20 kwa usiku mmoja hatakufa, atazubaa tu. Joto ndilo baya zaidi, kuanzia 29 kwenda juu, kwa sababu joto linafukuza oksijeni. Septemba na Oktoba elekeza feni ndogo usawa wa maji. Ukaukaji peke yake unashusha nyuzi mbili hadi tatu. Siku mbaya elea chupa ya plastiki yenye barafu, kifuniko kimefungwa. Bomba la shaba, tumeshaongea.

Siku anapofika

Wangu wa pili alikuja kwa ndege, ndani ya mfuko wenye theluthi ya maji na theluthi mbili za oksijeni, katika sanduku la foamu. Kila mmoja awe na mfuko wake. Wawili katika mfuko mmoja hufika mmoja.

Zima taa. Mmwage pamoja na maji yake kwenye bakuli la plastiki lenye ukuta mrefu. Pitisha maji ya tangi kwa mpira mwembamba uliofungwa fundo, tone moja au mawili kwa sekunde, saa moja na nusu au mbili. Kinachomshtua ni tofauti ya chumvi kuliko joto. Kisha mhamishe kwa kikombe, maji ya safarini uyamwage nje. Usimshike kwa mkono. Wavuvi na wazamiaji wengi wana kovu lake la kidole gumba, na hata mdogo wa sentimita saba anachana ngozi.

Usimpe chakula siku hiyo. Atajificha siku mbili, tatu, hata wiki. Jirani yangu alikuja kumwona mara nne, akahitimisha kwamba nimetapeliwa, nimeuziwa bomba.

Chakula

Mara moja kila siku mbili, kipande kisichozidi ukubwa wa kichwa chake. Kosakosa wa kugandishwa asiye na chumvi wala dawa, ngisi, chaza akiwa na gamba lake. Gamba ni muhimu: nyundo isiyopiga inakaa ovyo. Dagaa na kapenta wa kukaushwa wana chumvi nyingi, waache kwa ajili ya bukari, ugali wetu. Konokono wa Kafubu na wa mito mingine inayopita karibu na migodi usiwalete kabisa, wanabeba shaba mwilini mwao.

Tumia koleo refu la plastiki au kijiti cha mbao. Mwanzoni atapiga koleo, utahisi mshtuko hadi kwenye kiganja. Baada ya mwezi atakuja mlangoni ukikaribia, macho mawili kwenye vijiti vyake yakizunguka kila moja kivyake, moja kwako, moja kwenye koleo. Mabaki yatoe kesho yake.

Kuishi na wengine? Samaki, konokono, kaa: vyote ni chakula, tofauti ni tarehe tu.

Kila wiki badilisha asilimia 10 hadi 15 ya maji. Nitrati ibaki chini ya miligramu 20 kwa lita.

Anapojivua gamba

Wanasiasa wakijivua gamba hutangaza. Huyu anaziba milango yote miwili kwa kokoto, anaacha kula, na unaweza kupita wiki mbili bila kumwona. Wadogo hufanya hivyo mara kwa mara, wakubwa kila miezi miwili hadi minne. Hapa ndipo watu wengi huua mnyama mzima: wanafukua bomba kuhakikisha kama yu hai. Usifukue. Kama amekufa pua itakuambia, na kipimo cha amonia kitathibitisha. Endelea na pampu, angalia kalsiamu iwe miligramu 400 hadi 450 kwa lita, basi.

Akitoka atakuwa na rangi mpya, lakini nyundo bado ni laini. Mpe kipande laini cha ngisi, si chaza. Gamba la zamani utaliona mchangani, jeupe, likiwa zima hadi vifuniko vya macho. Liache siku chache, wengine hulila. Nyundo iliyokatika nayo huota tena, ndogo kwanza, kubwa baada ya kujivua mara mbili au tatu.

Madoa meusi au ya kahawia yanayokula gamba ni ugonjwa wa bakteria. Hauna dawa ya dukani ya kuaminika, na ile utakayopewa haraka huenda ikawa na shaba. Punguza mwanga, refusha bomba, badilisha maji kidogo kidogo kila siku, nitrati ishuke. Doa likiwa la juu tu litaondoka na gamba lijalo; likishazama hadi kwenye nyama, nafasi ni ndogo.

Na ukisafiri, wa nyumbani waachie kazi mbili tu: kuongeza maji matupu hadi alama uliyochora kwenye kioo, na kubadili betri umeme ukikatika. Chakula wasimpe. Siku kumi bila kula hazimdhuru, lakini binamu mwenye huruma na bakuli la samaki wa kukaanga anaweza kulichafua tangi kwa jioni moja.